Sura ya Tano: Ukishapita Nungwi

Bahari iliyo kati ya Unguja na Pemba haifanani na ile iliyo kati ya Unguja na bara. Asiyejua hilo hupanda boti katika bandari ya Malindi, mjini Unguja, akidhani anafanya safari ileile ya Dar es Salaam, ila ndefu kidogo. Ramani ndiyo inayompoteza, maana huipaka bahari yote rangi moja. Unguja imekaa juu ya sakafu ya bara. Maji yanayoitenga na Bagamoyo yana kina cha makumi ya mita tu, na katika zama za barafu, bahari ilipokuwa imeshuka, pale palikuwa nchi kavu. Pemba imesimama peke yake. Upande wake wa magharibi bahari huzama hadi mita 700 na 800, na kisiwa hicho kimekuwa mbali na bara kwa muda mrefu kiasi cha kuwa na popo wake mkubwa, anayeruka jioni kutafuta matunda, ambaye haonekani popote pengine duniani.

Katika maji hayo marefu unapita mkondo mkubwa wa pwani ya Afrika Mashariki, na unakwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, tangu Aprili hadi Septemba, upepo na mkondo huelekea upande mmoja, na mkondo huongeza mwendo hata kufikia maili nne za baharini kwa saa. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, upepo hutokea kulekule unakoelekea mkondo. Viwili hivyo vikikabiliana mawimbi husimama: mafupi, makali, yamefuatana bila nafasi. Ongeza hapo maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua tofauti ya maji makuu na maji madogo hapa hukaribia mita 4, na maji yote hayo hayana budi kupita mahali.

Manahodha wa majahazi waliyajua haya kwa macho na kwa ngozi. Jahazi la kwenda Mkoani, Pemba, lilipanda polepole upande wa magharibi wa Unguja, likiwa limekingwa na kisiwa, hadi Tumbatu au Nungwi, kwenye ncha ya kaskazini. Hapo nahodha aliitazama bahari iliyo mbele yake. Ikiwa mbaya, alitia nanga. Abiria walipika, walilala, walivua samaki, na walikaa hivyo siku nzima au zaidi mpaka upepo ulegee. Uamuzi wa kuvuka au kutovuka ulifanyika palepale bahari inapobadilika, na mtu aliyekuwa anaiona.

Boti ya kasi haina mahali pa kungoja. Inatoka Malindi asubuhi na inatakiwa Mkoani baada ya kiasi cha saa tatu. Kwa hiyo uamuzi ule uliokuwa ukifanyika Nungwi sasa unafanyika bandarini mjini, ambako maji yametulia, jua linawaka, hamali wameshapakia mizigo, na abiria mia kadhaa wameshakata tiketi. Kwa maoni yangu hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote yaliyoletwa na mwendo kasi katika bahari yetu, na linazungumzwa kidogo mno. Watu husifu saa zilizopungua. Wachache huuliza nani sasa anaitazama bahari kwa niaba yao.

Saa zilizopungua hata hivyo si jambo dogo, na sitaki kulipita. Kwa miaka mingi mtu wa Pemba aliyetaka kufika mjini alitegemea meli za serikali, na aliyesafiri katika MV Mapinduzi ya kwanza miaka ya 1970 na 1980 anakumbuka usiku mzima wa kulala juu ya sitaha, kichwa juu ya kikapu chake asije akaibiwa. Meli ikiharibika, kisiwa kilikatika. MV Mapinduzi II, iliyojengwa Korea Kusini na kufika mwishoni mwa 2015, inachukua abiria 1,200 na tani 200 za mizigo, na ni chombo cha heshima. Lakini boti za kasi ndizo zilizobadilisha maisha ya kila siku. Mgonjwa aliyeandikiwa rufaa ya hospitali ya Mnazi Mmoja mjini anaondoka Mkoani asubuhi na mchana anaonwa na daktari. Mwanafunzi wa chuo anakwenda kumzika babu yake na kurudi kabla ya mtihani. Mama anayeuza nguo Chake Chake hashikilii tena mtaji wa miezi mitatu kwa kuogopa safari. Ndege ipo, tena ni ya dakika 30 tu, lakini nauli yake haimfai mtu anayesafiri na watoto wanne na gunia la ndizi.

Simama kwenye gati la Mkoani boti inapopakia, utaona uchumi wa visiwa viwili ukipishana. Kutoka Pemba kunapanda mikungu ya ndizi, mihogo, mashelisheli, na msimu ukifika vikapu vya shokishoki na doriani linalonuka hata kabla hujaliona. Kutoka mjini kunashuka magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kamba, feni, televisheni, madumu ya mafuta ya kula, baiskeli za watoto. Hamali hubishana bei na wenye mizigo, karani wa boti hupiga kelele kwamba mzigo huu umezidi, na mwenye mzigo huapa kwamba umepungua tangu safari iliyopita.

Sasa chombo chenyewe. Boti nyingi za kasi zinazofanya kazi baina ya Dar es Salaam, Unguja na Pemba ni za miili miwili, na kadhaa kati ya zile za Azam Marine zilijengwa Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, Australia. Tasmania nako ni nchi ya visiwa na bahari kali, na mafundi wake wamejipatia jina duniani kwa boti za namna hii. Anayeijua ngalawa na matengo yake ana nusu ya elimu ya boti hii tayari: chombo chembamba hupasua maji kwa urahisi lakini hupinduka upesi, kwa hiyo unakitanua ubavuni kisipinduke. Fundi wa Tasmania amechukua vyombo viwili vyembamba, akaviweka mbalimbali, akaviunganisha kwa sakafu moja pana juu yake, na juu ya sakafu hiyo akapanga viti vya abiria. Bodi ni ya alumini kwa sababu chuma kingekuwa kizito. Mwendo unafika maili 30 za baharini kwa saa na kupita, yaani zaidi ya kilomita 55.

Kila kitu kina gharama yake. Boti pana ya miili miwili hailali ubavu kama meli, bali husimama wima na kurudi upesi, kwa mikiki. Ikiyakabili mawimbi makubwa usoni, huruka juu ya wimbi moja na kuangukia lifuatalo, na maji yakigonga ile sakafu inayounganisha miili miwili unasikia kishindo kinachopanda mpaka kwenye meno. Ikisukumwa na mawimbi ya nyuma, kama inavyokuwa wakati wa kusi unapokwenda Pemba, mkia wake huvutwa upande huu na upande ule, na nahodha ana kazi usukanini hata kama abiria hawamwoni. Ndiyo sababu, msimu wa kusi, wengi husema kwenda Pemba ni afadhali kuliko kurudi. Wakati wa kurudi bahari inakuja usoni, na nahodha mwema hupunguza mwendo. Boti ya kasi inayotembea polepole siku ya upepo ina mtu mwenye akili usukanini, na abiria anayelalamika kwamba leo tumechelewa hajui alichofanyiwa.

Saa ya kwanza ya safari ni ya raha. Kisiwa kiko mkono wa kulia, televisheni inaonyesha vichekesho, watoto wanakimbia baina ya viti, muuza duka la ndani anauza chipsi na soda. Tumbatu inapita na minazi yake. Kisha mnara wa taa wa Nungwi unaonekana, na mabaharia wanaoijua njia wanaanza kupita wakigawa vifuko bila ya kuombwa. Dakika chache baadaye mlio wa injini unabadilika. Boti inanyanyuka, inasita, inashuka. Mazungumzo yanakatika safu kwa safu, kutoka mbele kwenda nyuma.

"Bibi, tushapita Nungwi," baharia mmoja kijana alimwambia bibi aliyekuwa amejifunika ukaya kichwani, katika safari ambayo nami nilikuwamo. "Usiinuke sasa. Ukitaka kitu niite."

"Ahsante mwanangu. Nipatie ndimu tu, na huyu mtoto mpe kifuko kikubwa."

Alikuwa ameshaikata ile ndimu kabla hajaondoka nyumbani, imo ndani ya mfuko wa plastiki mkobani, ila mikono yake ilikuwa imemshika mjukuu. Kijana akamtolea, akamwekea kiganjani, akaendelea na safu inayofuata. Nimewaona mabaharia wa namna hii mara nyingi, na nawaheshimu. Wanafuta matapishi ya watu wasiowajua, wanawashika wazee mkono kwenda chooni, huku sakafu ikiwakimbia miguuni, na mshahara wao hauwalipi hata robo ya adabu hiyo.

Ugonjwa wa bahari hauna uhusiano na woga wala na udhaifu wa tumbo. Ndani ya sikio, pasipofika kidole, mna vijifereji vyenye maji vinavyoupa ubongo habari za mwendo wa kichwa. Ukikaa ndani ya boti iliyofungwa ukitazama simu, macho yanaripoti kwamba umetulia, sikio linaripoti kwamba unapanda na kushuka. Ubongo unapokea ushahidi wa aina mbili unaopingana na unachafuka. Watafiti waliolipima jambo hili wamegundua kwamba mwendo unaochafua zaidi ni ule wa kupanda na kushuka mara moja kila sekunde tano au sita. Wa haraka zaidi ya hapo hutikisa tu, na wa polepole sana mwili huuzoea. Kwa bahati mbaya bahari ya wazi hupenda mwendo huohuo wa kati.

Basi kaa pale ambapo boti inanyanyuka kidogo: katikati au nyuma, na sitaha ya chini kuliko ya juu. Viti vya mbele kabisa vyenye dirisha kubwa, ambavyo wageni huvigombania, ndivyo vinavyopanda na kushuka kuliko vyote. Tazama mbali, mahali bahari inapokutana na mbingu, ili macho na sikio vikubaliane. Kula kitu chepesi kabla, usipande na njaa wala na biriani. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu. Dawa ya duka la dawa hufanya kazi ikimezwa nusu saa au saa moja kabla ya kung'oa nanga; ukiimeza baada ya Nungwi utaitapika tu. Na ukishatapika, usione haya. Nusu ya boti iko nawe.

Kichefuchefu lakini hakiui. Kuna mambo mengine yaliyoua katika maji haya, na sura hii isingekuwa ya kweli kama ingeyakwepa.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 9 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I iliondoka Malindi kiasi cha saa tatu ikielekea Pemba. Sikukuu ya Idd ilikuwa imemalizika siku chache tu, na watu walikuwa wanarejea makwao. Haikuwa boti ya kasi. Ilikuwa meli ya kubeba abiria na mizigo, iliyojengwa Ugiriki miaka ya 1960, na uwezo wake haukufika abiria 700. Wapo waliokataa kupanda walipoona ilivyojaa. Kiasi cha saa saba usiku, katika mkondo wa Nungwi, ilizama. Walionusurika walielea juu ya magodoro na chochote kilichotoka katika shehena, mpaka asubuhi boti na ngalawa za wavuvi zilipowafikia. Wapiga mbizi walioletwa kutoka Afrika Kusini hawakuweza kuifikia meli. Kina kilikuwa kikubwa mno na mkondo mkali mno.

Maiti zilizopatikana zilikuwa 203. Tume ya uchunguzi iliyoundwa baadaye ilifanya kazi ya kwenda kwa ndugu, shehia kwa shehia, kuuliza nani alikuwamo na hakurudi, na ilipomaliza hesabu ya waliokufa na waliopotea ilikuwa 1,573. Tafakari umbali ulio baina ya namba hizo mbili. Watu 1,370 hawakuwa na kaburi, na wengi wao hawakuwa na hata mstari mmoja wa karatasi unaosema walipanda. Ilibidi mama zao na wake zao waje kuwashuhudilia kwamba waliishi na kwamba siku ile waliondoka nyumbani. Mahakama ya kadhi, mirathi, eda ya mjane: yote yanaanzia kwenye jina, na jina halikuandikwa.

Miezi kumi baadaye, tarehe 18 Julai 2012, mchana, MV Skagit iliondoka Dar es Salaam kuelekea Unguja ikiwa na karibu watu 290. Ramadhani ilikuwa inakaribia. Upepo wa kusi ulikuwa mkali, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa tahadhari. Boti hiyo ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe, ikiwa imebakiza safari fupi tu kufika. Ilijengwa 1989 Marekani kwa ajili ya Puget Sound, katika jimbo la Washington, maji yaliyozungukwa na nchi kavu pande nyingi, na huko ilifanya kazi yake vizuri kwa miaka. Ruhusa yake ilikuwa ya abiria 250. Chombo kilichozaliwa katika maji ya ndani kililetwa katika bahari ya wazi, kikajazwa kupita kiasi, kikatolewa siku ya upepo. Ukiondoa moja tu kati ya mambo hayo matatu, huenda watu wale wangefuturu makwao.

Mengi yamebadilika tangu hapo, na ni haki kuyasema. Zanzibar ina Mamlaka ya Usafiri Baharini inayokagua vyombo, na Tanzania Bara ina Wakala wa Meli, TASAC, iliyochukua kazi iliyokuwa ya SUMATRA, mamlaka ya zamani ya usafiri. Boti zinazovuka leo ni mpya zaidi na zilijengwa zikikusudiwa bahari ya namna hii. Tiketi inatolewa kwa jina na kwa kitambulisho. Upepo ukizidi, tangazo hutoka na safari huahirishwa, na huahirishwa mara nyingi zaidi kuliko zamani.

Lakini nimesimama bandarini nikamwona karani, wa boti nisiyoitaja, akimpitisha mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, tiketi moja, jina moja, watoto hawakuulizwa. Mama hakuona ubaya, maana alikuwa amesalimika na nauli. Foleni nzima haikuona ubaya. Na nimesikia, siku ya safari kuahirishwa, watu wazima wenye elimu zao wakimtukana karani wa dirishani kwamba bahari imetulia, hebu tazama, maji kama sahani! Walikuwa wanatazama maji ya Malindi. Bahari iliyowangoja ilikuwa kilomita 50 na ushei kaskazini, nyuma ya kisiwa, na hakuna dirisha la bandari linaloiona. Aliyekuwa ameiona ni nahodha aliyetoka Mkoani jana yake, na wataalamu wa hali ya hewa waliokesha na vipimo vyao. Hao ndio wamechukua nafasi ya yule nahodha wa jahazi aliyesimama Nungwi akatazama, na mamlaka yao hayana maana ikiwa kila wanapoyatumia wanageuziwa matusi, simu za wakubwa na madai ya hasara.

Mwenye boti naye anaumia siku ile. Mafuta, mishahara, mkopo wa benki, vyote vinaendelea boti ikiwa imefungwa gatini. Kama serikali inataka safari ziahirishwe bila ya kusitasita, basi tiketi ya siku ya upepo iheshimiwe kesho yake bila ya malipo ya ziada, utaratibu huo ujulikane na uandikwe ukutani, na abiria aliyekuja kutoka Makunduchi au Micheweni apate mahali pa kukaa badala ya kulala juu ya mizigo yake. Mtu aliyekwisha kutoa nauli yake ya mwisho atalazimisha safari. Asiyepoteza kitu kwa kungoja, atangoja.

Kwa hiyo wewe unayesoma na unayepanga kwenda Pemba, iwe kwa harusi, msiba, biashara au kutembea: taja majina ya wote ulio nao, na la mtoto anayenyonya pia, na usiondoke dirishani mpaka uone yameandikwa. Ukishakaa, jua mlango wa karibu uko wapi, ulizia makoti ya kujiokolea yako wapi, na uliza kama yapo ya watoto, maana koti la mtu mzima humchopoka mtoto majini. Ukiona watu wamesimama kwenye njia kwa kukosa viti, shuka. Na wakikwambia leo boti haiondoki, rudi nyumbani ulale, uje kesho.